Mwanasayansi mbobezi au mwalimu wa tuisheni: wasifu wa nani uaminiwe?

Bandiko 1: Mzazi Mdadisi

Salaam, wanajukwaa. Kwa wiki mbili sasa nimekuwa nikisoma wasifu wa watu wanaotoa masomo ya ziada ya kemia, kwa kuwa mwanangu amebakiza miezi michache kabla ya mtihani wa kuhitimu sekondari, na katika wote niliowasoma wamebaki wawili. Wa kwanza ana shahada ya uzamivu ya biokemia, amefanya utafiti maabara kwa miaka minane, ameorodhesha makala kumi na moja, na mwishoni kabisa ameandika mstari mmoja kwamba amewahi kufundisha wanafunzi binafsi. Wa pili ana shahada ya kwanza tu, lakini amejaza kurasa mbili akieleza namna anavyofundisha na aina ya makosa anayokutana nayo.

Dai langu ni kwamba tumchukue wa kwanza, kwa sababu mtu aliyeyafanya majaribio kwa mikono yake hawezi kulinganishwa na aliyeyasoma kitabuni. Mume wangu anasema ninanunua vyeti badala ya mwalimu. Naomba hoja zenu, hata zile za kuniponda.

Bandiko 2: Kalamu Nyekundu

Dada, namuunga mkono mumeo. Nimesahihisha madaftari kwa zaidi ya miaka ishirini, na ule mstari mmoja unanitia shaka kuliko makala kumi na moja zinavyonipa imani. Mtu aliyefundisha kwa dhati huwa na la kusimulia, kwa sababu kila mwanafunzi hukosea kwa namna yake na makosa hayo hukaa kichwani mwa mwalimu kuliko majibu sahihi. Akikosa la kusimulia, ama hakufundisha sana, ama alifundisha bila kumtazama mwanafunzi.

Bandiko 3: Mpenda Kumbukumbu

Nisimponde mleta mada, ila nimkumbushe kwamba vyeti navyo havisemi kila kitu kwa upande wa pili. Gregor Mendel, ambaye majaribio yake ya njegere ndiyo msingi wa elimu ya urithi, aliufanya mtihani wa kuthibitishwa kuwa mwalimu mwaka 1850 akashindwa, akajaribu tena mwaka 1856 na safari hiyo pia hakutoka na cheti. Hata hivyo aliendelea kufundisha fizikia na elimu ya viumbe huko Brno akiwa mwalimu wa kujazia nafasi, kuanzia mwaka 1854 mpaka alipochaguliwa kuwa mkuu wa monasteri yake mwaka 1868. Njegere zile alizipanda na kuzihesabu katika miaka hiyo hiyo ya ualimu. Kwa wasifu wa karatasini, mzazi makini angempita.

Bandiko 4: Hesabu Tupu

Na Einstein je? Alikuwa karani wa ofisi ya hataza (haki za uvumbuzi), akawa anatafuta wanafunzi wa tuisheni gazetini ili aongeze kipato. Mleta mada angemkataa kwa kukosa makala kumi na moja, halafu angejuta maisha yake yote.

Bandiko 5: Mpenda Kumbukumbu

Ndugu Hesabu Tupu, umepanga mambo kinyume. Tangazo lile lilitoka Bern, Uswisi, mwezi Februari 1902, na kazi ya ofisi ya hataza aliianza mwezi Juni mwaka huo huo. Kwa hiyo alipotangaza masomo binafsi ya hisabati na fizikia, huku akiahidi kipindi cha majaribio bila malipo, hakuwa karani wa mtu yeyote bali kijana asiye na ajira ya kudumu. Aliyeitikia tangazo ni Maurice Solovine, mwanafunzi wa falsafa, na haukupita muda mrefu masomo yakageuka mijadala ya kirafiki ambayo Conrad Habicht naye alijiunga nayo. Ukilichunguza kwa jicho la mzazi anayelipa kwa saa, lile lilikuwa somo lililoshindwa kufuata ratiba.

Bandiko 6: Hesabu Tupu

Nimesahihishwa, nakubali. Ila bado ningelipa.

Bandiko 7: Mwanakemia Mstaafu

Naomba nizungumze kama mtuhumiwa, kwa kuwa wasifu wa mtu wa kwanza unafanana na wangu wa zamani kwa kiasi cha kuniaibisha. Nilikaa maabara miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha mwanafunzi mmoja mmoja, na mimi pia niliandika ufundishaji kwa mstari mmoja, si kwa sababu niliudharau, bali kwa sababu katika mazingira yetu hakuna anayekuuliza habari zake. Mtafiti hujifunza kuandika wasifu unaosomwa na watafiti wenzake. Msimhukumu mtu huyo kwa mstari huo.

Lakini nikiri jambo. Mwanafunzi wangu wa kwanza nilimweleza habari za elektroni kwa saa nzima, kuanzia viwango vya nishati mpaka maumbo ya mawingu yake, nikachora, nikafuta, nikachora tena. Kijana alikuwa akitikisa kichwa kwa adabu. Nilipomuuliza kama ana swali, akasema: "Elektroni yenyewe ni mango au ni gesi?" Nilicheka, na kicheko hicho bado kinaniuma, kwa sababu swali lake lilikuwa la maana kabisa kwa mtu aliyefundishwa kwamba kila kitu duniani ni mango, kimiminika au gesi.

Kingine kilinichukua muda mrefu zaidi kukielewa. Nilimpa mlinganyo wa haidrojeni na oksijeni kutengeneza maji, nikamwambia ausawazishe. Akaona upande wa kushoto kuna atomi mbili za oksijeni na kulia kuna moja, basi akaongeza 2 ndogo chini ya O, maji yakawa H₂O₂. Nikadhani ni uzembe, nikamrekebisha. Juma lililofuata akafanya vilevile. Ndipo nilipochukua karatasi, nikamwambia achore duara kwa kila atomi, na nikagundua kwamba kwake namba ndogo ya chini na namba kubwa ya mbele zilikuwa njia mbili za kuandika jambo moja. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ukiigusa ile ndogo, umebadilisha dutu yenyewe, na kwamba alichokipata si maji tena bali haidrojeni peroksaidi. Miaka yote ya maabara haikunisaidia kuliona hilo, maana mimi nilikuwa nimeacha kuziona namba zile tangu ujana wangu.

Bandiko 8: Kalamu Nyekundu

Mzee wangu, bandiko lako ndilo nilitamani niliandike mimi. H₂O₂ ninakutana nayo kila mwaka.

Bandiko 9: Takwimu Mezani

Anachokisimulia Mwanakemia Mstaafu kimepimwa. Mwaka 1990, Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaomba watu wagonge mezani kwa vidole mdundo wa nyimbo zinazojulikana sana, na wenzao wajaribu kuzitambua. Wagongaji walikisia kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani mwake, na msikilizaji anasikia ko-ko-ko. Mbobezi anapofundisha, mara nyingi yeye ndiye mgongaji, na kadiri alivyobobea ndivyo wimbo unavyolia kwa nguvu zaidi kichwani mwake.

Kwa hiyo nadharia yangu ni kwamba ubobezi wenyewe ni kikwazo, isipokuwa kama mtu ameufanyia kazi ya makusudi.

Bandiko 10: Zamu ya Usiku

Habari zenu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, na ninafundisha wanafunzi wawili jioni, kwa hiyo nina maslahi katika kesi hii. Sikubaliani na bandiko namba 9, au tuseme sikubaliani na hitimisho lake. Wagongaji wale walinyimwa njia ya kumuuliza msikilizaji amesikia nini. Mwalimu wa mwanafunzi mmoja ana njia hiyo kila dakika, na ikiwa ni mtafiti, kuuliza ndiyo kazi yake. Mwanafunzi akinipa jibu la ajabu, simwambii "umekosea", bali najiuliza ni dhana gani ingezaa jibu hilo, kisha nampa swali la pili litakalotofautisha dhana mbili. Hivyo ndivyo ninavyofanya maabara jaribio linapokataa.

Tena faida inakwenda pande zote mbili. Mwaka 2011 David Feldon na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti uliolinganisha wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliofanya utafiti pekee na wale waliofanya utafiti huku wakifundisha. Waliofundisha walipiga hatua kubwa zaidi katika kubuni dhana zinazoweza kupimwa na katika kupanga majaribio. Basi mtu mwenye yote mawili katika wasifu wake asionekane kama aliyegawanyika.

Bandiko 11: Kalamu Nyekundu

Mwanangu Zamu ya Usiku, unazungumza vizuri, ila angalia usichanganye mambo. Katika utafiti huo kilichopimwa ni mapendekezo ya utafiti ya hao waliofundisha. Swali la mzazi huyu ni la upande wa pili wa meza: mtoto wake atapata nini? Na ualimu msaidizi wa chuo kikuu, yaani kusimamia maabara na kusahihisha ripoti za darasa zima, si sawa na kukaa na kijana mmoja anayeogopa somo. Ndiyo maana nasema wasifu uliosema "nimefundisha" bila kueleza ni nani, wa ngazi gani na kwa muda gani, haujasema kitu.

Bandiko 12: Mama Pacha

Mimi niongeze kisa cha nyumbani kwangu. Tulimpata mwanafizikia, mtu mpole na mwenye ujuzi usio na shaka. Swali lilikuwa la jiwe linaloachiwa kutoka juu ya mnara, litafika chini baada ya sekunde ngapi. Binti yangu alikuwa na kanuni yake moja ya shuleni. Mwalimu akaona ni aibu kukariri kanuni, akaanza kuizalisha upya kwa hesabu za tofautishi ambazo binti alikuwa hajazigusa, kisha akaingiza ukinzani wa hewa kwa sababu, kwa maneno yake, bila hewa swali halina ukweli. Saa moja ikaisha, jiwe likiwa bado hewani.

Shuleni nako binti akaanza kutumia mchapuko (kiasi ambacho kasi ya jiwe huongezeka kila sekunde) wa 9.81 wakati karatasi imesema wazi tumia 10, na akapoteza alama. Hakuwa amefundishwa uongo hata kidogo. Alifundishwa na mtu ambaye hakuwahi kuufungua mtaala.

Bandiko 13: Hesabu Tupu

"Jiwe likiwa bado hewani." Uzi huu umeshalipa gharama zake.

Bandiko 14: Mpenda Kumbukumbu

Hoja ya Mama Pacha kuhusu mtihani inanirudisha kwa mtu ambaye ningependa mleta mada amfahamu. William Hopkins alikuwa mwanajiolojia aliyeishi Cambridge kwa kufundisha wanafunzi binafsi ili washinde mtihani mgumu wa hisabati wa chuo hicho. Yeye mwenyewe mwaka 1827 alishika nafasi ya saba tu. Lakini waliopita mikononi mwake ni pamoja na George Stokes, Arthur Cayley, Lord Kelvin na James Clerk Maxwell. Hapo kuna mwanasayansi, kuna mwalimu wa tuisheni, na kuna mtihani, vyote ndani ya mtu mmoja.

Bandiko 15: Takwimu Mezani

Na wote hao walishika nafasi ya kwanza, jambo linaloonyesha kwamba mafunzo ya mtihani yanaweza kwenda pamoja na sayansi ya kweli.

Bandiko 16: Mpenda Kumbukumbu

Hapana, si wote. Stokes alikuwa wa kwanza mwaka 1841 na Cayley mwaka 1842, lakini Kelvin alikuwa wa pili mwaka 1845, na Maxwell alikuwa wa pili mwaka 1854. Aliyempita Maxwell ni Edward Routh, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu binafsi mashuhuri kuliko wote Cambridge na kutoa washindi wa kwanza zaidi ya ishirini. Aliyeshinda mtihani akawa mwalimu wa mtihani, na aliyeshindwa akaandika milinganyo ya sumakuumeme. Kila mmoja achukue hapo anachokitaka.

Bandiko 17: Zamu ya Usiku

Ninachukua kwamba Hopkins alichagua wanafunzi wazuri. Hili lisipite kimya, kwa kuwa wasifu wa walimu wengi wa tuisheni hujigamba kwamba "wanafunzi wangu wote wamefaulu", bila kusema walianzia wapi na ni wangapi aliowakataa mlangoni.

Bandiko 18: Mzazi Mdadisi

Asanteni sana. Sikutegemea nipewe kazi ya kusoma kiasi hiki. Nina swali dogo: kuna mahali nimesoma kwamba mwanafunzi wa tuisheni ya mmoja kwa mmoja huwazidi asilimia 98 ya wenzake wa darasani. Ikiwa ni kweli, je, si kwamba mwalimu yeyote atafaa, awe mwanasayansi au la?

Bandiko 19: Takwimu Mezani

Takwimu hiyo inatoka kwa Benjamin Bloom, mwaka 1984. Alisema mwanafunzi wa wastani anayefundishwa peke yake alipanda kwa mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha namna alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani), na ndiyo hiyo asilimia 98 kwa lugha ya kawaida. Tatizo ni kwamba wanafunzi wale hawakupewa mwalimu binafsi tu; walirudishwa kwenye kila sehemu mpaka waimudu kwa kiwango cha juu kabla ya kusonga mbele, kwa hiyo huwezi kumpa mwalimu sifa yote. Kurt VanLehn alipozipitia tafiti nyingi mwaka 2011, alipata faida ya takriban 0.79 ya mkengeuko sanifu kwa mwalimu binadamu. Bado ni faida kubwa, lakini si muujiza.

Bandiko 20: Mwanakemia Mstaafu

Mmewataja wanaume wengi. Marie Curie alianza mwaka 1886 kuwa mwalimu wa watoto nyumbani kwa familia moja ya mashambani nchini Poland, ili kumsaidia dada yake asome udaktari Paris, na kwa muda wake wa ziada akawafundisha kusoma watoto wa wakulima, jambo ambalo chini ya utawala wa Urusi lingeweza kumletea adhabu. Shahada zake zote zilikuja baadaye. Mwaka 1907, akiwa tayari na Tuzo ya Nobel, aliungana na wenzake kuwafundisha watoto wao wenyewe kwa ushirika: yeye fizikia, Jean Perrin kemia, Paul Langevin hisabati. Ninalotaka kulisema ni kwamba alipowafundisha watoto wale fizikia hakuwa mgeni wa watoto. Huenda mpangilio wa miaka ndani ya wasifu una maana kuliko tulivyodhani, yaani nani alijifunza kufundisha kabla ya kusahau ugumu wa kutojua.

Bandiko 21: Kalamu Nyekundu

Kwa hoja hiyo basi mtaje na mwanahisabati Karl Weierstrass, aliyekuwa mwalimu wa shule tangu mwaka 1842 kwa zaidi ya miaka kumi, akifundisha hata mazoezi ya viungo na mwandiko, kabla ya kuitwa Berlin. Sofia Kovalevskaya alipokataliwa kuhudhuria mihadhara ya Chuo Kikuu cha Berlin kwa sababu ni mwanamke, Weierstrass alimfundisha binafsi kwa miaka minne kuanzia 1870, na mwaka 1874 binti huyo akapata uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Göttingen. Sijui kama ni ule ualimu wa shule uliomfanya awe na subira, au ni kipaji cha binti mwenyewe, na sitajifanya najua.

Bandiko 22: Hesabu Tupu

Kwa hiyo mleta mada amwajiri mwalimu wa mwandiko. Nimeelewa.

Bandiko 23: Mzazi Mdadisi

Narudi na taarifa. Nilifuata mfano wa lile tangazo la Bern, nikawaomba wote wawili kipindi cha majaribio, nami nikakaa pembeni nikishona.

Yule wa shahada ya kwanza alikuwa mchangamfu, alieleza kwa mpangilio, alichora michoro ya kupendeza, na mwanangu alitoka akitabasamu. Yule mtafiti alikuja na karatasi tupu. Alimpa swali: gramu 4 za haidrojeni zinaunguzwa pamoja na gramu 16 za oksijeni, je, yatapatikana maji gramu ngapi? Mwanangu akasema haidrojeni ndiyo itakayokwisha kwanza kwa sababu ni kidogo, akapiga hesabu zake, akaandika 36. Mtafiti hakusema kitu. Alimuuliza tu, "Ulianza na gramu ngapi kwa jumla?" kisha akanyamaza. Ukimya ule nilishindwa kuuvumilia, nikahesabu mishono ishirini na tatu. Mwanangu akatazama 36 yake, akaandika 20 pembeni, akafuta kila kitu, akaanza upya kwa kubadilisha gramu kuwa moli (kipimo cha idadi ya chembe), na safari hii akapata oksijeni ndiyo inayokwisha kwanza, na maji gramu 18.

Nilipomuuliza baadaye amempenda nani, alinijibu bila kusita kwamba ni yule wa kwanza kuja, mwenye michoro, kwa sababu "huyu mwingine hakunifundisha kitu".

Bandiko 24: Zamu ya Usiku

Mishono ishirini na tatu! Huyo anaijua kazi. Namba 4 na 16 hazikuokotwa, zimepangwa ili kosa lijifichue lenyewe: maji hayawezi kuwa mazito kuliko vitu vilivyoyatengeneza.

Bandiko 25: Mama Pacha

Au amezoea kunyamaza kwa sababu hana la kusema, na swali hilo analitumia kwa kila mtoto. Wangu naye alikuwa na swali moja zuri la kipindi cha kwanza.

Bandiko 26: Kalamu Nyekundu

Mnabishana kwa mishono. Dada, leo jioni mpe kijana swali la aina ile ile kwa namba nyingine, bila daftari, akueleze wewe usiyejua kemia. Kisha mpe na moja alilofundishwa na yule mchangamfu.

Bandiko 27: Mzazi Mdadisi

Nimefanya hivyo. La mchangamfu amelieleza vizuri sana, kwa maneno yale yale aliyoambiwa, mpaka nilipobadilisha namba. La mtafiti alilianza vibaya, akasimama katikati, akajumlisha gramu za mwanzo kwa vidole, akajirekebisha mwenyewe. Bado anasisitiza kwamba mtu yule hakumfundisha kitu, na kwamba anamtaka wa michoro.